Mtoto Bado Hana Jina

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni yangu na hii ni ya mke wangu Ruthi, ambaye amekaa hapa mlangoni akinisikiliza ninavyoguna nikiandika. Natumaini barua hii itakukuta karibu na moto wako, kifua kimetulia, na magoti bado yanakupeleka shambani na kukurudisha. Baridi ya milimani mwezi huu naijua sana, na huku natamani hata ningekatiwa kipande nikaletewa. Joto la Dar es Salaam, mama, acha tu! Unaoga, ukimaliza kujifuta umeshalowa tena. Lakini tu wazima wote watatu, tunakula, tunalala, na kazi ya useremala kwa yule Mhindi bado ninayo.

Elia mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Nakuomba usome polepole, usiruke mstari hata mmoja, na usiongeze maneno yako ya kumlainishia mama. Nakujua wewe. Palipo pagumu pasome palivyo.

Mama, yale uliyoambiwa na dereva wa lori ni kweli. Ruthi amejifungua mtoto wa kike. Baada ya miaka yote ile, baada ya zile mimba tulizozika kimya kimya hata barua hatukukuandikia, leo kuna mtoto ndani ya nyumba hii, na analia kwa sauti ya kwetu kabisa, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Paji la uso ni lako. Masikio, Mungu amsaidie, ni yangu.

Nasikia ulipopata habari ulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi, nawe ukawaambia, "Namkunda amerudi." Dereva alinisimulia hayo huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikwenda nikakaa nyuma ya nyumba peke yangu, nikakosa la kufanya.

Kwa sababu mtoto bado hana jina. Sisemi jina la ubatizo, hilo si taabu, mchungaji ana Biblia nzima ya kuchagua. Nasema jina la nyumbani, lile moja tu, ambalo kwa binti wa kwanza wa mwana wa kwanza ni la mama yake baba, yaani lako Namkunda, na kwetu hakuna anayelijadili. Watoto wa Elia wote ni wavulana. Najua umengoja. Najua uliwahi kumwambia shangazi kuwa siku utakapompakata Namkunda mdogo hutadai kitu kingine duniani. Na leo nimekaa kukuomba jambo ambalo sijasikia mtoto yeyote wa kwetu akimwomba mama yake. Naomba utoe nafasi hiyo. Naomba binti yangu asiitwe Namkunda. Naomba aitwe Kalinde.

Elia, usinyamaze hapo. Endelea.

Kalinde ni yule Bibi Raheli ninayemtaja kila ninapokuandikia. Unamkumbuka? Ndiye yule niliyekuambia kwamba nilipofika mjini mara ya kwanza, homa ikaniangusha katika chumba cha kupanga, sina mtu, aliingia bila hata kupiga hodi, kibibi chembamba, na bakuli la uji mkononi. Akanitazama pale mkekani, akasema, "Wewe mtoto wa mlimani, unataka kufa kabla hujamwandikia mama yako? Inuka unywe!" Nikainuka, mama. Hata leo mtu akiniambia habari za malaika mie namwona yule bibi, amekunja uso, ananisukumia kijiko mdomoni.

Yeye hana kwao. Aliletwa pwani angali mtoto wa kung'oka meno ya mbele, katika msafara wa watu waliofungwa kamba, siku ambazo Wadachi ndiyo kwanza wanaingia nchi hii. Alikuwa mgonjwa hawezi kutembea, wakamwacha njiani. Watu wa misheni wakamwokota, wakamlea, wakambatiza Raheli. Alipokuwa mkubwa aliolewa na kijana wa hapo hapo misheni, na vita vya kwanza vilipokuja mumewe akachukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi, hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi. Mtoto hakupata. Tangu hapo akawa mtu wa kanisa.

Na kanisa letu hili la Kinondoni usidhani ni kama lile la kwenu la mawe. Ni la makuti na kuta za udongo, na mvua za masika zikija tunahamisha mabenchi kukimbia matone. Bibi Raheli ndiye anayelifagia kila siku, ndiye anayekandika kuta zikibomoka, ndiye anayechota maji ya ubatizo, na hakubali mwingine achote kwa sababu anasema sie vijana tunachukua maji ya kisima cha karibu yenye chumvi. Lakini hayo ni madogo. Wewe mama hujui ukiwa wa mji huu. Wengi wetu tumetoka bara peke yetu, makarani, walimu, mafundi, na wake zetu wachanga wasio na mama wala shangazi wa kuwaelekeza. Mke akijifungua nani amkande? Mgonjwa asiye na ndugu nani amgeuze? Mtu akifa huku, na ndugu zake wako safari ya siku nyingi, nani amwoshe? Ni yeye. Haulizi Mpare, haulizi Mhaya wala Myao. Nimeshakutana naye barabara ya Morogoro akirudi kwa miguu kutoka Kimara, na siku nyingine kutoka Kibamba kabisa, kibuyu kitupu begani, ametoka kuwalisha wagonjwa huko kwenye mashamba ya mihogo. Nikamwambia, "Bibi, utaanguka siku moja." Akanijibu, "Nikianguka wewe utanipita?" Akaendelea kutembea.

Sasa nikusimulie siku tuliyotaka kumheshimu, tukaharibu.

Mwaka huu miguu yake imeanza kuvimba na macho yamefifia. Wazee wa kanisa wakakutana, nami nikiwemo kwa sababu ya ufundi wangu, tukasema bibi huyu ametumika vya kutosha, sasa tumpe heshima yake angali hai. Tukafikiri kama watu wa bara tunavyofikiri. Kwetu mzee anayeheshimiwa anapewa kiti na kazi inaondolewa mikononi mwake. Basi mimi nikapewa kazi ya kutengeneza kiti cha mikono, kizuri, kikae mbele kabisa karibu na mimbari. Nilipomwambia tajiri wangu kiti ni cha nani, yule Mhindi, ambaye si mtu wa kutoa mbao hivi hivi, akasema, "Huyo ndiye aliyekaa na mama yangu alipopooza. Chukua mninga." Nikachukua. Nikachonga, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, mama, kiti kile hata wewe ungenisifia.

Ilipofika Jumapili, mama mmoja wa usharika akatumwa kufagia mapema kabla Bibi Raheli hajafika, na mzee mmoja akauhifadhi ufunguo wa kanisa nyumbani kwake. Bibi akaja na fagio lake la chelewa, akakuta pamekwisha fagiwa na kufuli limebanwa. Hakuuliza. Alikaa chini nje, ukutani, na fagio mapajani, mpaka watu wakafika.

Ibada ikaenda vizuri. Mwisho mchungaji akamwita mbele, akakionyesha kile kiti, akasema kwa furaha, "Tangu leo Bibi Raheli hatafagia tena, hatachota tena maji, hatakwenda tena kwa wagonjwa wala kwenye maiti. Kazi yake ni kukaa hapa mbele yetu." Watu wakaanza kupiga makofi. Yeye hakukaa. Aliushika mkono wa kiti, akatugeukia akasema, "Wazee wangu, nimekosa nini?"

Makofi yakafa. Mchungaji akasema, "Hujakosa, Bibi, tunakuheshimu." Akajibu, na sauti yake, mama, ilikuwa ndogo kabisa, "Kule misheni nilikolelewa, mtu akianguka dhambini alinyang'anywa utumishi, akakalishwa mbele peke yake, watu wote wamtazame mpaka atubu. Nimewaona wengi. Mimi sikukalishwa hata mara moja. Leo nimezeeka ndipo mnanikalisha. Niambieni basi kosa langu, nitubu, nirudishiwe fagio langu."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kila mmoja wetu mle ndani anajua kutengwa ni nini, kila mmoja ana ndugu aliyewahi kutengwa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba tunamfanyia mama wa watu vile vile kabisa, ufunguo, kazi, kiti cha mbele, vyote. Wanawake wakaanza kulia. Mimi niliyechonga kiti niliangalia miguu yangu.

Mchungaji wetu ni kijana lakini ana moyo. Alishuka mimbarini, akapiga magoti mbele yake, akasema, "Bibi, wenye kosa ni sisi. Fagio ni lako mpaka utakapolikataa mwenyewe. Lakini tuambie wewe, tukufanyie nini ujue tunakupenda?"

Bibi akasema, "Mie sidai kitu. Ila kwa kuwa mmeuliza. Mimi nilikuwa na jina. Mama yangu akiniita Kalinde. Uso wake siukumbuki, lugha yake imenitoka, hata mto wa kwetu sijui jina lake. Kalinde nimelishika. Tangu nilipoachwa njiani hakuna kinywa kilichoniita hivyo, na mimi sikumwambia mtu, kwa kuwa nani angelihitaji? Nimewashika watoto wenu wengi penye beseni la ubatizo. Siwalaumu kwamba hakuna aliyebeba jina langu. Kila mtoto anayezaliwa hapa mjini jina lake linamngoja bara. Bibi yake yupo, shangazi yake yupo. Nilitaka tu mlisikie, nikifa lisipotee na mimi." Akainama, akaokota fagio lake, akaenda kukaa chini mkekani na wanawake wenzake.

Watu tulitoka kanisani. Mwalimu mmoja wa Ufipa akasema jina hilo ni la kwao, karani mmoja wa Unyamwezi akasema hapana, ni la kwao, wakabishana mpaka nikawakemea. Tukaona aibu, wote. Na kile kiti, usicheke mama, sasa wanakikalia wajawazito, kwa amri yake, na ole wake mzee wa kanisa atakayekigusa.

Ruthi naye alikuwa mmoja wa wajawazito hao. Siku yake ilipofika ilitangulia, haikungoja tumpeleke hospitali mjini. Nilikuwa karakanani mchana, jirani akaja mbio kunitafuta. Nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi Raheli ndani na mlango umefungwa, nikasikia Ruthi akilia kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na kitovu kimemzunguka shingoni. Nilisimama nje nikashika ukuta. Nikaomba, kisha maombi yakaniishia, nikabaki nasema mama, mama, mama. Wewe ndiwe niliyekuita.

Mtoto alipotoka hakulia. Nilimsikia Bibi Raheli akimpulizia, akimpigapiga nyayo, akisema kwa hasira, "Usinifanyie hivyo! Umekuja mpaka hapa halafu unataka kurudi? Hurudi!" Na mtoto akalia. Bibi alipofungua mlango kanga yake ilikuwa damu tupu na miguu yake imevimba kama magunia, hawezi kusimama, tukamkalisha. Mkunga wa hospitali alipokuja kumtazama Ruthi siku ya pili alisema mikono iliyofanya kazi hii ni ya kubusu. Kisha akatuita pembeni, akatuambia tusitazamie kupata mtoto mwingine.

Ndiyo maana siwezi kusema basi, tungoje binti wa pili. Binti wa pili hayupo, mama. Ni huyu tu.

Ruthi ndiye aliyeanza. Nilidhani nalia ndani yangu peke yangu kwa ajili ya jina lile la Bibi, kumbe na yeye. Akaniambia, "Zefania, huyu mtoto mwenye jina lake ninamjua mimi." Nikamkatalia. Nikamwambia kwa ukali hata akanuna, kwamba mama yangu hawezi kutendewa hivyo. Nikaenda kwa Mzee Kiangi, mkubwa wa watu wa kwetu hapa mjini, nikitaka aniunge mkono nimnyamazishe mke wangu. Mzee akaniunga mkono sana, akawaka, akasema, "Jina la mama yako unataka kumpa mtu asiyejulikana hata kabila? Baba zako wakubwa watakufuta katika ukoo!" Mama, sijui ilikuwaje. Aliposema "asiyejulikana" nikasikia damu inanipanda. Nikamwambia, "Mzee, wewe homa ilipokuangusha nani alikugeuza? Mkeo alipokufa nani alimwosha? Asiyejulikana kwa nani?" Mwisho Mzee akasema, taratibu, "Basi mwandikie mama yako. Jina halichukuliwi. Mwenye nalo analitoa, au halitoki." Hilo nimelikubali, na ndilo ninalofanya sasa.

Sitaki unidhanie nimepata mama mwingine mjini nikakusahau. Haki ya Mungu sivyo. Wewe ulinibeba, ukanilisha, ukauza mbuzi wako nisome. Unao wanao wawili na wajukuu, unao kaburi la baba la kupalilia, unao ukoo mzima wa kulitaja jina lako hata usipokuwepo. Yeye akifa, amekwisha. Nakuomba uutazame moyo wako. Ukisema hapana, mtoto ni Namkunda, nitalibeba jina hilo kwa furaha, na hutasikia neno tena kutoka kwangu wala kwa Ruthi. Ukisema ndiyo, ni wewe utakayekuwa umempa, si mimi. Mchungaji amekubali kuuchelewesha ubatizo mpaka jibu lako lifike. Huku nje watu wakituuliza mtoto anaitwaje tunasema bado, bado. Elia, mama akinyamaza baada ya kusikia haya usimharakishe. Ongeza kuni motoni, ukae naye.

Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie dawa yake ya miguu ninaitafuta. Baba mkubwa nishikie miguu yake, na ukiona uso wake umebadilika mwambie bado ni ombi tu, hakuna kilichofanyika. Mke wa Elia na wale wavulana wake watatu wakorofi wote nawasalimu. Bibi jirani aliyenifundisha kuimba nisalimie kwa sauti kubwa, najua masikio yake.

Na hili nimelileta mwisho kwa kuwa sikujua niliweke wapi. Bibi Raheli bado anakuja kumwogesha mtoto, tunamkataza hasikii. Sisi hatujamwambia lolote. Asubuhi hii kabla ya ibada nilimsikia uani akisema, "Haya Namkunda, fumba macho, maji haya. Namkunda mama yake Zefania, kijana wako umemlea vizuri, ila kichwa chake kigumu." Anazungumza na wewe, mama, hajawahi hata kukuona. Nikatoka nikamuuliza, "Bibi, nani amekuambia ndilo jina lake?" Hakuinua hata uso. Akasema, "Si la mama yako? Desturi zenu nazijua. Ninyi mnasema bado, bado, na mtoto anakua. Mie namwita. Mtoto akikaa bila kuitwa anakuwaje, mie najua."

Ni mimi mwanao ninayengoja neno lako,
Zefania